Watu wa Sanduku Hamsini na Mbili

Abdulkadir Matano ni mtu wa hasira, na tusimsingizie upole kwa sababu tu anaandikwa. Watu wa Bodo, kijijini kwao, wanamjua. Mkewe Mwanamkuu anamjua zaidi. Amepika kwenye meli za mizigo kwa miaka kumi na tisa, na baharia akirudisha sahani huku amekunja uso, Abdulkadir hutoka jikoni na mwiko mkononi kumuuliza kwao wanakula nini. Lakini hasira aliyokuwa nayo mwaka huu haikuwa ya sahani. Ilikuwa hasira ya mtu aliyefuata masharti yote yaliyoandikwa, kisha akaambiwa ni mdanganyifu.

Maisha ya mpishi wa meli ni haya. Anakaa nyumbani miezi mitatu, minne, hata sita, anakarabati paa, anahudhuria harusi na mazishi yaliyomsubiri. Siku moja wakala anatuma ujumbe: kesho kutwa uwe uwanja wa ndege Mombasa. Tiketi inakuja kwenye simu ikiwa imeshakatwa. Hachagui siku, hachagui saa, wala haulizwi angependa kukaa dirishani. Meli ikiwa Durban anaifuata Durban, ikiwa Klang kule Malesia anaifuata Klang, na baada ya miezi tisa anarudishwa kwa namna hiyo hiyo. Ni safari mbili kwa mwaka, pengine moja, lakini kila moja ni ya kuvuka nusu ya dunia.

Kwa miaka kumi na tano alisafiri hivyo na hakuna aliyemwambia lolote. Aliyemfumbua macho ni Owen, kijana wa Vihiga anayefanya kazi ofisi ya kupokea wageni katika hoteli moja ya Diani, ambako Abdulkadir hushika zamu za jikoni akiwa likizo. Ilikuwa wakati wa chai. Abdulkadir alikuwa anafuta picha kwenye simu yake, na miongoni mwazo zilikuwamo tiketi za zamani.

"Mzee Abdul, ngoja kwanza," Owen alisema. "Umeenda Singapore, Brazil, Malaysia, na huko kote ulikuwa umejiunga na shirika gani?"

"Kujiunga vipi?"

"Uanachama, mzee. Ukisafiri wanakuwekea pointi. Zikifika kiwango unakata tiketi bila kulipa nauli. Kwani hujawahi? Manze, umewaachia tiketi za bure huko juu!"

Abdulkadir aliweka kikombe chini. Alianza kuhesabu safari kwa vidole, akafika mwisho wa vidole, akaacha. Miaka kumi na tano! Wahudumu wangapi walimwitikia kwa tabasamu, wakampa kitambaa cha moto afute uso, na hakuna hata mmoja aliyefungua kinywa kumwambia, bwana, una haki yako hapa. Aliipiga meza kwa mkono, chai ikamwagika, na Owen akainua kompyuta yake haraka.

"Nionyeshe," Abdulkadir alisema. "Nionyeshe yote."

Walikaa siku tatu mfululizo baada ya zamu, wakilinganisha mashirika matatu. Owen alimfundisha vizuri, hilo lazima lisemwe. Alimwambia asiangalie picha za viti vinavyogeuka kitanda, kwa kuwa mtu anayesafiri mara mbili kwa mwaka hatavikalia kamwe. Aangalie mambo matatu. Kwanza, ndege gani inapita njia anayopelekwa mara nyingi, ili pointi zikae mahali pamoja zisitawanyike. Pili, pointi zinakufa baada ya muda gani. Tatu, anaweza kumkatia tiketi mtu mwingine au ni mwenyewe tu.

Shirika la kwanza pointi zake zilikufa baada ya mwaka mmoja na nusu, na baharia huweza kukaa miezi tisa bila kuona mtandao wa maana. La pili halikumruhusu mtu kumpa mwenzake. La tatu liliitwa Nujumu, la huko Ghuba. Nujumu lilipita njia ya Klang, ambako wakala alimpeleka mara nyingi kuliko bandari nyingine yoyote. Pointi zake zilidumu miaka minne. Na mwenye pointi aliweza kumkatia tiketi yeyote amtakaye.

"Lakini soma hapa chini, maandishi madogo," Owen alisema. "Tiketi za mabaharia zinapewa nusu tu."

"Nusu? Kwani mimi nakalia nusu ya kiti?"

"Ndivyo walivyoandika, mzee."

Abdulkadir alitukana kidogo, akaomba radhi, akasema ajazwe jina lake. Alikuwa na sababu moja tu ya kumeza ile nusu. Mwaka huo huo binti yake Zulekha alikuwa amepata ufadhili wa kusomea uhandisi Kuala Lumpur, mwendo wa saa moja kutoka Klang. Yeye baba angemwona angalau dakika chache akishuka kwenda melini. Mama yake asingemwona mpaka amalize. Mwanamkuu hajawahi kupanda ndege, na ndiye aliyeuza ng'ombe wake wawili na dhahabu ya harusi yake kumsomesha Zulekha mpaka akafika huko.

Jioni ile Abdulkadir alimwambia mkewe, "Mama Zulekha, mahafali ya mwanao utayaona kwa macho yako. Miaka minne tu. Nitakupeleka kwa pointi."

"Pointi ni nini?"

Alimweleza. Mwanamkuu alisikiliza mpaka mwisho, akauliza kama mtu wa pointi huruhusiwa kukaa dirishani. Abdulkadir alisema ataruhusiwa. Tangu siku hiyo jambo hilo likawa limekwisha amuliwa nyumbani kwao.

Hapo ndipo lilipoanza kosa, kama lilikuwa kosa. Abdulkadir hakuwa mtu wa kula peke yake. Bodo na vijiji vya jirani vina mabaharia wengi, na wengine sita walikuwa wakisafiri kwa njia zile zile bila kujua lolote. Aliwaita barazani kwake alasiri moja, akawasajili wote: Swabir, Hashim, Rai na wenzao. Fomu ilitaka namba ya simu. Baharia hana namba ya kudumu; hununua laini katika kila bandari na kuitupa akiondoka. Kwa hiyo desturi yao tangu hapo ni kwamba wanaoondoka huacha mambo yao katika nyumba moja inayoaminika, na nyumba yenyewe ilikuwa hii. Waliandika namba ya Mwanamkuu, wote saba. Fomu ilitaka anuani. Bodo hakuna nyumba yenye namba wala mtaa wenye jina. Kuna sanduku la posta moja, la msikiti, lililoko posta ya Msambweni, na barua za kijiji kizima hupitia humo, za benki, za shule, hata za mahakama. Waliandika Sanduku la Posta 52, Msambweni, wote saba.

Miaka minne Mwanamkuu akawa ndiye karani wao. Mtu akitaka kufungua akaunti yake akiwa Santos au Busan, shirika lilituma tarakimu sita kwenye simu ya Mwanamkuu, naye akamtumia mwenyewe kwa sauti, akizitamka moja moja, na mwisho akimuuliza amekula nini. Aliwaandika wote katika daftari la mazoezi, kila mmoja na ukurasa wake. Hakuchanganya namba ya mtu hata mara moja.

Mwezi wa tatu mwaka huu pointi za Abdulkadir zilitimia kwa kwenda na kurudi. Mahafali yalikuwa mwezi wa saba. Mwanamkuu alishapata pasipoti, na alishanunua leso mpya ya kuvaa siku hiyo, akaifukiza udi na kuihifadhi kabatini. Abdulkadir alikwenda Diani kwa Owen asubuhi, wakachagua siku, wakachagua kiti cha dirishani, wakabonyeza. Kioo kikaandika maneno mekundu kwamba akaunti imesimamishwa kwa sababu ya kushukiwa udanganyifu.

"Udanganyifu gani?" Abdulkadir aliuliza. Alimuuliza Owen, akaiuliza kompyuta, akawapigia simu Nujumu huko Ghuba, akasubiri dakika arobaini akichezewa zumari. Sauti ya mwanamke ikamjibu kwa Kiingereza laini kwamba mfumo umegundua akaunti saba zenye simu moja na anuani moja, na mfumo unaamini akaunti hizo ni za mtu mmoja aliyejisajili mara saba ili avune pointi za kukaribishia wanachama wapya.

"Ni watu saba," Abdulkadir alisema.

"Ndiyo, bwana. Mfumo unaona mtu mmoja."

"Mimi nakwambia ni saba! Nimekula nao!"

"Ninaelewa unavyojisikia, bwana. Tafadhali tuma uthibitisho wa makazi."

Uthibitisho waliotaka ni bili ya umeme au ya maji yenye jina lake. Maji ya Bodo yanatoka kisimani na kisima hakitoi bili. Umeme wa nyumba uko kwa jina la marehemu baba yake, kwa kuwa nyumba ni ya urithi na ndugu hawajagawana, na nani angekwenda kubadilisha jina la marehemu kwenye mita wakati taa inawaka? Alikwenda kwa chifu, akaandikiwa barua nzuri kwa Kiswahili sanifu, ikapigwa muhuri, ikasema Abdulkadir Matano anafahamika na ni mkazi wa eneo hili tangu kuzaliwa. Barua ikarudishwa na Nujumu kwa maelezo kwamba si hati inayotambulika. Alirudi tena kwa chifu kuandikiwa kwa Kiingereza, nayo ikarudishwa. Alituma cheti cha ubaharia, kurasa zote za kitabu cha safari, na picha ya wale saba wamesimama barazani. Wakamjibu kwamba picha haifunguki.

Ilifika mwezi wa tano amekuwa hakaliki. Alimkaripia Owen, ambaye hakuwa na kosa, kisha akampelekea samaki wa kupaka kumwomba radhi, kisha akamkaripia tena wakati wa kula. Alimkaripia mwenye duka kwa sababu ya mizani. Mtu amekupigia hesabu ya nusu kwa miaka minne, umekubali, umenyamaza, umemjazia ndege zake, halafu siku unayodai hiyo nusu yako anakuuliza kama upo duniani! Ni nani asiyekasirika? Mwanamkuu peke yake hakupandisha sauti. Kila asubuhi alimuuliza wamesemaje, naye akijibu bado, aliendelea na kazi zake.

Mwezi wa sita, wiki ya kwanza, ilikuja barua pepe. Abdulkadir anasoma Kiingereza cha kutosha, cha melini, naye aliisoma mara tatu jikoni kwa sababu hakuamini. Shirika limekubali kumhurumia. Litamrudishia akaunti yake na pointi zake zote, na tiketi itakatwa siku hiyo hiyo, iwapo atatia saini tamko lililoambatishwa na kulirudisha kabla ya Ijumaa. Tamko lilisema: Mimi Abdulkadir Matano nathibitisha kwamba akaunti sita zilizoorodheshwa hapa chini nilizifungua mimi mwenyewe, na kwamba hakuna watu wengine wenye majina haya katika anuani hii. Chini yake yalifuata majina sita. La kwanza lilikuwa Swabir.

Alimtumia Swabir ujumbe wa sauti. Swabir alikuwa kwenye meli nje ya pwani ya Brazil, mafuta mwilini, na jibu lilikuja kesho yake na mngurumo wa injini nyuma yake.

"Assalamu aleikum, kaka. Nimezungumza na wenzangu ninaowapata, nao wamekubali. Saini. Hizo pointi tutaanza upya, si mali ya kutuua. Shemeji ametuhudumia miaka yote hii, bwana, akimuona mtoto wake ni sawa na sisi sote tumemuona. Saini tu, kaka, wala usituwazie."

Abdulkadir aliichapisha karatasi ile kwa Owen na kurudi nayo nyumbani Alhamisi adhuhuri. Alikaa kwenye kiti cha plastiki uani, akaweka karatasi juu ya sinia lililogeuzwa, akatoa kalamu. Mwanamkuu alikuwa anakuna nazi. Alimwona anaandika, akaacha mbuzi ya nazi, akaja akiwa na mikono myeupe.

"Umepata?"

"Nimepata. Kesho tunakata tiketi. Utakaa dirishani."

Mwanamkuu alifurahi, na furaha yake ilionekana. Alicheka, akashika kichwa kwa mikono ile ile yenye nazi. Kisha akauliza karatasi inasema nini. Angeweza kumdanganya, hajui Kiingereza. Hakumdanganya. Alimsomea kwa Kiswahili, sentensi kwa sentensi, na alipofika kwenye majina alitaka kuruka, lakini Mwanamkuu akasema, "Soma."

Akasoma. Mwanamkuu alisikiliza majina yote sita, watu aliowatajia tarakimu kwa miaka minne na kuwauliza wamekula nini.

"Hakuna watu wenye majina haya," alirudia. "Ndivyo wanavyotaka useme?"

"Ni karatasi tu. Swabir mwenyewe amesema nisaini."

"Swabir ana moyo mzuri. Lakini huu ni ushahidi wa uongo, baba Zulekha. Unaandika na jina lako kwamba Rai hayupo, na mkewe Kadzo jana alikuwa hapa uani kuchukua moto. Kwa ajili ya kiti."

"Kwa ajili ya kiti!" Abdulkadir aliruka, kiti cha plastiki kikaanguka. "Miaka minne nakusanyia kiti! Nimenyenyekea, nimeandika barua, nimejieleza kwa watu wasiojua Bodo ni samaki au ni mji, na leo unaniambia kwa ajili ya kiti? Basi sema hutaki kwenda!"

"Nataka kwenda kuliko unavyotaka wewe." Machozi yalikuwa yameshatoka. "Nimemzaa mimi. Nimeuza dhahabu yangu mimi. Lakini mtoto ataniuliza, mama umefikaje? Nimjibu nini? Nimwambie nimefika kwa sababu baba yako ameandika kwamba ami zako si watu?"

Mtu wa hasira akishindwa kwa haki huwa mbaya zaidi. Abdulkadir alipiga teke ndoo. Alitoka, akatembea mpaka kwenye mikoko, akakaa huko akiwatukana Nujumu kwa lugha zote nne anazozijua. Aliwatukana kwa ajili ya nusu, kwa ajili ya zumari, kwa ajili ya huruma yao. Aliporudi karatasi ilikuwa pale pale kwenye sinia, jina lake la kwanza limeandikwa, la pili bado. Mwanamkuu alikuwa ndani anaswali alasiri. Ijumaa ikafika, Ijumaa ikapita.

Jumamosi aliwaandikia Nujumu barua, mwenyewe, kwa Kiingereza chake cha melini. Aliwaambia Swabir ni mtu mmoja, Hashim ni mtu mmoja, Rai ni mtu mmoja, mpaka akamaliza sita, na kwamba yeye ni wa saba, na kwamba nyumba zao hazina namba kwa sababu kila mtu anazijua. Jibu lilikuja baada ya dakika mbili. Lilimshukuru kwa kuwasiliana nao na kumwomba ayapime maongezi yao kwa nyota, kuanzia moja mpaka tano.

Zulekha aliambiwa kwamba haikuwezekana, basi. Nauli ya fedha taslimu haikuwepo, na hakuna aliyejifanya ingeweza kupatikana. Siku ya mahafali, saa tatu asubuhi ya kwetu, wake wa mabaharia walijaa uani kwa Mwanamkuu kuangalia kwenye simu. Mwanamkuu alivaa ile leso mpya. Mtandao ulikatika mara nyingi, na jina la Zulekha liliposomwa picha ilikuwa imeganda kwenye mguu wa mtu. Iliporudi, Zulekha alishashuka jukwaani, na mama wa rafiki yake kutoka Unguja alikuwa anampigia vigelegele. Mwanamkuu alitazama mwanamke yule akimkumbatia mwanawe. Alisema, Mwenyezi Mungu amlipe mema. Kisha aliingia ndani akavua leso, akaikunja.

Mwezi wa nane wakala akatuma ujumbe: Klang, kesho kutwa. Safari hii wakala alikuwa amemkatia tiketi ya bei ya chini kabisa, begi moja la kilo ishirini na tatu, kwa ndege ya Nujumu. Mwanamkuu alisikia neno Klang akawasha jiko. Alikaanga visheti, akapika kashata, akafunga achari ya ndimu katika chupa tatu akizungushia karatasi za nailoni, akanunua halua Ukunda, na juu ya vyote akaweka ile leso. Mzigo wake peke yake ulitimiza kilo kumi na tatu. Abdulkadir aliupanga kwanza ndani ya begi, nguo zake na viatu vya kazi akavisukumiza pembeni.

Uwanja wa ndege Mombasa, kwenye kaunta ya Nujumu, alikuwepo msichana mmoja aliyevaa beji yenye jina la Joan. Alikuwa mpole.

"Shikamoo, baba. Begi limezidi kilo sita."

"Marahaba. Limezidi, ndiyo."

"Itabidi ulipie, au utoe vitu. Wewe ni mwanachama wetu? Wanachama wana kilo kumi za ziada."

Abdulkadir alihisi damu inampanda mpaka masikioni. "Nilikuwa," alisema.

"Nikusajili tu sasa hivi, ni bure, itapita. Anuani yako?"

Angemwambia aache. Lakini hasira ina udadisi wake, na alitaka kuona. "Sanduku la Posta 52, Msambweni."

Joan aliandika, akasubiri, akakunja uso. "Imekataa, baba. Inasema anuani hii inatumiwa na wanachama wengine."

"Inasema nini?"

"Kwamba kuna watu wengine hapo. Watu saba."

"Sema tena."

"Watu saba, baba," Joan alisema, na safari hii kwa woga, kwa sababu mzee aliyekuwa mbele yake alikuwa ameshika kaunta kwa mikono miwili.

"Saba!" Abdulkadir alisema, na foleni nzima ikamsikia. "Mnatujua! Wakati wa kutunyima mnatuhesabu mpaka wa mwisho! Waandikie wakubwa wako, mwanangu, waambie kompyuta yao imekiri. Watu saba!"

Askari mmoja alianza kusogea. Abdulkadir aliinua mkono kumwonyesha kwamba amemaliza. Akalifungua begi sakafuni. Hakugusa mzigo wa Mwanamkuu. Alitoa suruali mbili akazivaa juu ya aliyoivaa, mashati matatu, koti zito la bahari za baridi, na viatu vya kazi akavifunga miguuni. Blanketi lake alimpa dereva aliyemleta alirudishe Bodo. Begi likasoma ishirini na tatu. Alipita ukaguzi akivuja jasho katika joto la Mombasa, amevimba kwa nguo, watoto wakimwangalia, na akaketi hivyo hivyo kwenye kiti cha katikati mpaka Ghuba, na kutoka Ghuba mpaka Malesia.

Zulekha, ambaye bado alikuwa anamalizia mambo yake ya chuo huko, alimsubiri nje ya mlango wa wanaofika. Gari la wakala lilikuwa limeshawashwa, na dereva alimpa Abdulkadir dakika thelathini. Msichana alimkumbatia baba yake katika nguo zake zote, akacheka, akauliza ni ugonjwa au ni mavazi. Walikaa kwenye benchi, wakafungua begi. Alifungua visheti, akafungua halua, na alipofika kwenye leso aliikunjua. Aliisogeza usoni. Bado ilikuwa na harufu ya udi.

"Baba," alisema, "mama aliniambia haikuwezekana. Kwa nini haikuwezekana?"

Akamweleza yote, simu moja, sanduku moja, barua za chifu, na karatasi. Alieleza kwa sauti ya juu kiasi kwamba dereva aligeuka kutazama.

"Walitaka niandike kwamba Swabir si mtu, Rai si mtu. Ningesaini, mama yako angekuwa pale siku ile."

Zulekha aliipitisha leso mabegani mwake. Macho yake yalikuwa yamejaa. "Na nani aliyekataa? Wewe au mama?"

Dereva alipiga honi. Abdulkadir alianza kufunga zipu ya begi, ambalo sasa lilikuwa tupu na jepesi, na zipu ikamkwama mkononi.

"Mama yako," alisema. "Mimi nilikuwa nimeshaandika jina langu la kwanza."